Gari Lisilo na Shahidi

Gari la dada yangu nusura lipoteze theluthi ya bei yake kwa siku tatu, na aliyeliponza ni mimi, kwa kulipaka rangi vizuri kupita kiasi. Si kwa kuligonga. Si kwa kumpa mlevi aliendeshe. Kwa kulipaka rangi! Mpaka leo nikiikumbuka Alhamisi ile masikio huniwaka moto, ingawa siku hizi najua ni nani hasa wa kumkasirikia.

Mimi ni fundi rangi wa magari. Gereji yangu ni banda la mabati nyuma ya maduka ya vipuri, sakafu ya saruji, na ndani nimetundika maturubai pande zote nne ili vumbi lisirukie rangi mbichi. Kazi hii nimeifanya miaka ishirini na sita. Mjini kwetu wanaojua kuishika bunduki ya rangi sawasawa ni watatu, na wawili kati yao nimewafundisha mimi. Sijisifu, nasema tu lilivyo.

Dada yangu amenizidi miaka tisa, na anaoka mikate. Watu humwita Mama Mikate, hata wasiojua kama ana mtoto au hana. Bunduki yangu ya kwanza ya rangi alininunulia yeye, kwa mikate ya miezi minne, wakati wajomba zetu wote walikuwa wamekata shauri kwamba mimi nitamaliza maisha yangu nikinusa petroli. Kwa hiyo aliponiambia anauza gari lake ili anunue tanuri, niliona zamu yangu imefika.

Lilikuwa gari dogo la kijivu lenye buti refu. Alilinunua jipya, akaliendesha miaka kumi na mmoja bila kumgusa mtu wala ukuta. Paa lilikuwa limechujuka kwa jua likawa kama majivu, na pale nyuma palikuwa na mikwaruzo mingi, mahali kreti za mikate zilipokuwa zinaingia na kutoka kila siku. Tanuri lenyewe lilikuwa la kiwanda kidogo kilichokuwa kinafungwa, tanuri la sinia kumi na sita. Dada alikuwa anaokea kwenye kitu cha sinia mbili ambacho mlango wake ulifungwa kwa waya. Mwenye kiwanda alimwambia atamsubiri hadi Ijumaa jioni, hata saa moja zaidi hapana, kwa sababu kuna mwingine anayelitaka. Na bei ya tanuri ilikuwa sawasawa na bei ya gari, hakuna cha kubaki.

Mnunuzi alikuwa ameshapatikana. Mwalimu mmoja wa sekondari, mama wa makamo mwenye miwani na maswali mengi, alikuja nyumbani kwa dada Jumapili, akalizunguka gari, akapiga magoti kulichungulia chini, akaendesha hadi kona na kurudi. Wakakubaliana bei. Akasema atakuja na fedha Alhamisi mchana, na dada akamwambia aje gerejini kwangu, maana gari litakuwa linaoshwa.

Jumatatu dada akaniletea ufunguo.

"Lioshe tu, mdogo wangu," aliniambia. "Lisiende kwa watu na unga kwenye viti."

Lioshe tu! Mimi, fundi wa miaka ishirini na sita, niambiwe nioshe tu, kama mtu mwenye ndoo na kitambaa kando ya barabara! Alipoondoka nikafunga mlango wa banda, nikawarudisha wateja wawili, nikaanza kulivua gari lile taa, vishikio, raba za milango, bampa, kila kitu. Nikasema huyu mama mwenye miwani akija Alhamisi ataona aibu ya bei aliyoitaja, ataongeza mwenyewe.

Sijawahi kupaka gari vile. Nilisugua kila bati kwa msasa na maji hadi kiganja kikateleza juu yake bila kukwama popote. Kijivu nilikichanganya mara tano, nikikilinganisha na rangi ya kiwandani iliyobaki nyuma ya kifuniko cha tangi, mpaka nikashindwa mwenyewe kusema ipi mpya ipi ya zamani. Nikapaka ndani ya fremu za milango. Nikapaka chini ya boneti. Nikapaka hata nyuma ya kile kifuniko cha tangi. Na nikapaka sakafu ya buti, chini ya mkeka.

Hapo kwenye sakafu ya buti inabidi nieleze. Bwana aliyenifundisha kazi alikuwa na sharti moja, nasi mafundi wa mji huu wote tumelirithi. Ukipaka gari zima, chini ya mkeka wa buti unaacha kipande cha upana wa kiganja bila kukigusa, rangi ya kiwandani kama ilivyozaliwa. Tunakiita shahidi. Atakayekuja kulinunua gari miaka kumi baadaye atafunua mkeka, atamwona shahidi, atajua gari hili lilianza vipi na lilikuwa halina cha kuficha. Lakini nilipofika pale nikiwa na bunduki mkononi, nilimwona shahidi wa gari la dada amekwaruzwa na kreti, ana madoa ya siagi, nikasema hapana. Kwenye gari la dada yangu hakibaki hata kiganja kimoja cha uchakavu. Nikampitishia rangi.

Alhamisi asubuhi dada alifika, akasimama mlangoni. Alilitazama gari kwa muda, kisha akaja taratibu akaligusa kwa mgongo wa kidole, kama anayeonja joto la mkate.

"Nilisema uoshe," alisema.

"Nimeliosha pia."

Akacheka, macho yamemlowa, akanipiga kofi la begani. Nilifura kwa furaha. Nusu saa baadaye furaha hiyo ilikuwa imekwisha.

Mwalimu alikuja na mtu wa kumkagulia gari, na mtu mwenyewe alikuwa Sumaku. Huyu ni dalali wa magari, mwembamba, shati jeupe siku zote, na jina la Sumaku amelipata kwa sababu mfukoni hutembea na sumaku iliyofungwa kwenye kitambaa laini. Huipitisha juu ya bodi ya gari. Ikishika, chini kuna bati. Ikiteleza, chini kuna pati iliyojazwa penye bonde. Tumefanya kazi pamoja miaka mingi, mimi na yeye.

Mwalimu alisimama hatua nne mbali na gari, mkoba ameukumbatia.

"Hili silo gari nililoliona Jumapili," alisema.

"Ni hilo hilo, Mwalimu," nilisema. "Nimekupendezeshea tu."

"Nani alikuomba?"

Nilidhani anatania. Sumaku tayari alikuwa ameanza kazi. Boneti, sumaku ikashika. Milango minne, ikashika. Paa, ikashika. Nilimfuata nyuma nikitabasamu kama bwana harusi. Akafungua buti, akakunja mkeka, akainama. Alikaa vile muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama sakafu ya buti.

"Fundi," alisema. "Shahidi yuko wapi?"

"Nimepaka lote. Ni gari la dada yangu, nimepaka lote."

Mwalimu akauliza shahidi ni nini, naye Sumaku, bila haya hata chembe, akamweleza, kwa sauti ya upole, kama daktari. Akamwambia mafundi wa hapa huacha kipande, na kipande kisipokuwepo basi kuna jambo lililofichwa. Bati ni zima, hakatai, lakini siku hizi watu huchukua nusu ya gari hili na nusu ya lile, wakaunganisha, na bati likabaki zima upande huu na upande ule. Gari likipakwa mpaka ndani ya fremu, mpaka nyuma ya kifuniko cha tangi, ujue mtu ametaka kufuta asili. Yeye kama yeye angetoa theluthi mbili ya bei waliyokubaliana. Au angeondoka.

Damu ilinichemka. "Sumaku! Wewe ndiye wa kuniuliza habari za shahidi? Wewe?"

Alinisogelea akashusha sauti, lakini banda langu ni la mabati na sauti haina pa kwenda. "Kaka, usinipigie kelele. Mimi na wewe tunajua ni magari gani hayana shahidi."

Ndiyo, nilijua. Nililijua hilo tangu mwanzo wa hadithi hii na nimelizunguka kama mtu anayekwepa dimbwi. Sumaku alikuwa akiniletea magari yaliyoviringika, yaliyolaliwa na malori, yaliyokatwa na kuungwa, yakiwa tayari yamenyooshwa mahali pengine. Mimi nilikuwa nayapa uso. Na kila mara aliniambia neno moja kabla ya kuondoka: "Hili usiliachie shahidi." Nami nilikuwa siachi. Nilijiambia kazi yangu ni rangi, ya bati waulizwe wa bati. Na nilikuwa nalala usingizi mzuri.

"Anasema nini huyu?" dada aliniuliza.

"Maneno ya madalali," nilimjibu.

Mwalimu alikuwa ameshaanza kuondoka. Dada akamfuata, akamshika mkono, akamweleza habari za tanuri na Ijumaa, akamwambia yeye ndiye aliyeendesha gari hili tangu siku ya kwanza, halijawahi kugongwa. Alisema yote hayo bila kulia, na ndilo lililoniuma. Angelia ningevumilia.

"Wewe nakuamini," Mwalimu alimwambia. "Naona aibu hata kusema hivi. Lakini nilishaamini mara moja. Nilikuwa na gari la kijani, nimelinunua kwenye yadi, linang'aa hivi hivi. Mwezi wa tatu nikiwa nalo, kwenye mteremko, mlango wa nyuma ukafunguka wenyewe. Mama yangu alikuwa ameegemea hapo. Hakufa. Ila mkono wake wa kulia haujanyooka hadi leo, hata kikombe anashikiwa. Fundi aliyelifungua alinionyesha. Nusu ya mbele ya gari moja, nusu ya nyuma ya jingine, katikati rangi nene kama ganda la mkate."

Sumaku alikuwa anakunja kitambaa chake, anakikunjua, anakikunja tena.

Mimi nilitazama makopo yangu kwenye rafu. Kijani kile nilikichanganya mwenyewe, pale pale. Nakikumbuka kwa sababu kilinisumbua siku nzima. Kila nusu ilikuja na kijani chake, na ilinibidi nipate cha tatu cha kuzifunika zote mbili. Nilipomaliza nilijipongeza.

Nilijaza ndoo maji, nikachukua msasa, nikaenda kwenye gari la dada.

"Mwalimu," niliita. "Rudi. Onyesha mahali unapopaogopa."

"Unafanya nini?" dada alipiga kelele.

"Aonyeshe!"

Mwalimu akarudi. Akanyoosha kidole kwenye nguzo iliyo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma, kwa sababu ndipo magari hukatwa, na yeye alikuwa ameshajifunza hilo kwa gharama kubwa. Nikalowesha msasa, nikaanza kusugua. Ilianza kutoka laka niliyoipaka Jumatano, maji yakawa kama maziwa. Kisha kijivu changu. Kisha rangi yangu ya msingi. Nilisugua kwa kuzunguka, taratibu, kwa upana wa kiganja, na chini yake kikatokea kijivu kingine, kilichochoka, chenye vidoa vya jua. Nikaendelea hadi msingi wa kiwandani, mweusi mwembamba, na katikati kabisa bati jeupe. Nikapafuta kwa kitambaa. Tabaka zote zilionekana, duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa.

"Hii ya nje ni yangu," nilimwambia. "Hii ya ndani ni ya kiwanda. Hapa hapakukatwa. Pakikatwa panachomelewa, na moto hauiachi rangi ya kiwanda. Onyesha pengine."

Akaonyesha nguzo ya upande wa pili. Akaonyesha kona ya paa. Akaonyesha chini ya mlango, na ukingo wa buti, na bati la juu ya gurudumu la mbele, na pengine pawili. Hakunionea huruma, na hakuwa na sababu. Nilisugua mara nane. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, niliitoboa mimi mwenyewe mbele ya watu watatu, na kila duara lilipotokea nilizidi kukasirika, sasa si na Mwalimu tena, wala Sumaku peke yake. Niliwaza, kama mtu huyu ameshindwa kuamini rangi nzuri, nani aliyemfundisha? Rangi mbaya haimdanganyi mtu. Ni nzuri ndiyo inayodanganya, na nzuri mjini hapa ilitoka bandani mwangu.

Mwalimu alivua miwani, akaisafisha, akaivaa. "Ni gari lile la Jumapili," alisema. Akaanza kufungua mkoba.

Hapo dada akaniuliza. Alikuwa ameshika kitambaa changu kilicholowa, anakikamua juu ya ndoo ingawa hakikuwa na maji tena. Dada yangu huwa anasikia hata yale unayodhani hayajamfikia.

"Magari yasiyo na shahidi," alisema. "Mangapi?"

"Dada, tumalize hili kwanza."

"Mangapi?"

Fedha zilikuwa nusu nje ya mkoba. Ijumaa ilikuwa kesho. Ningeweza kusema mawili, matatu, ya zamani. Ningeweza kusema muulize Sumaku. Nilimtazama huyu dada aliyeninunulia bunduki ya rangi kwa mikate, nikaona kwamba nikimdanganya sasa, nitakuwa nimempaka rangi na yeye.

"Sikumbuki idadi," nilisema. "Ni mengi. Na lile la kijani, Mwalimu, nililipaka mimi. Huyu ndiye aliyeniletea."

Sumaku alisema jambo kuhusu watu wanaochanganyikiwa kwa kunusa rangi. Hakuna aliyemsikiliza. Alichukua sumaku yake juu ya boneti, akatoka, na shati lake jeupe likapotea nyuma ya maduka ya vipuri.

Mwalimu alinitazama. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea. Hata nilitaka yaje. Badala yake akasema, "Mama alikuwa anashona. Ulijua? Alikuwa mshonaji." Hakusubiri jibu. Akamgeukia dada, akahesabu fedha zote juu ya boneti, bei ile ile ya Jumapili, bila kupunguza.

"Lakini limeharibika," dada alisema. Hata saa ile hakutaka kumpunja mtu. "Tazama lilivyo."

"Jumapili nilikubali gari lililochakaa," Mwalimu alisema. "Hili nalo limechakaa. Na wewe sina neno nawe."

Nikasema kwa haraka kwamba nitayaziba madoa yote bure, siku mbili tu, hatajua kama yalikuwepo.

"Usiliguse," alisema. Hakupandisha sauti. "Hata tone moja. Nataka niyaone."

Akaingia, akarekebisha kiti, akaondoka nalo. Dada aliziweka fedha kwenye mfuko wa unga, akaufunga mdomo kwa mafundo mawili. Alipopita mlangoni alisema, "Kesho njoo unisaidie kubeba tanuri." Nikamjibu nitakuja. Akasema, "Na huko usilipake chochote." Hakuwa anatania.

Tanuri lilibebwa na watu sita. Nje limejaa masizi hadi leo, na dada hajanikubalia hata kulifuta. Sumaku haji tena kwangu. Nasikia amempata mmoja wa wale niliowafundisha. Nilimwendea kijana huyo nikamwambia habari za mlango wa nyuma na mteremko, akaniambia kazi yake ni rangi, ya bati waulizwe wa bati. Nilitaka kumzaba kofi. Mkono ulinyanyuka, nikaurudisha mfukoni.

Mwalimu anafundisha shule iliyo mwisho wa barabara yetu, kwa hiyo gari hupita mbele ya banda langu kila asubuhi na kila mchana. Linang'aa kama nilivyolipaka, na lina madoa manane yaliyo wazi, na yale yaliyofika kwenye bati sasa yameanza kushika kutu. Kwenye kiti cha nyuma huwa amekaa bibi mmoja, mkono mmoja kauweka mapajani. Wateja wangu hulitazama, hutikisa kichwa, huuliza ni fundi gani mjinga aliyeharibu kazi nzuri namna ile.

Nawaambia kazi ni yangu, yote mawili, rangi na madoa. Baadhi yao huondoka na magari yao hapo hapo. Wanaobaki nawaonyesha, kabla sijafungua kopo, ni wapi nitamwacha shahidi.